Namna ya kumweleza mwanao habari za balehe, ngono na mimba, hatua kwa hatua

Mama mmoja alinifuata nyumbani jioni, akakaa mkekani, akazungumzia bei ya mchele karibu nusu saa kabla ya kusema kilichomleta. Bintiye amevunja ungo. "Sasa, dada, nimwambie nini?"

Mimi ni mkunga, na swali hilo sijui nimelijibu mara ngapi. Huulizwa na akina mama, na baba wanaolea peke yao, na mabibi walioachiwa wajukuu, na walimu wa malezi. Nimeamua kuliandika jibu lake lote mahali pamoja, ili anayelihitaji alisome kwa utulivu wake na kurudia pale anapokwama.

Usiku mmoja wodi ya wazazi nilipokea binti wa miaka 15 akiwa kwenye uchungu. Katikati ya uchungu mmoja na mwingine alinishika mkono, akauweka kitovuni mwake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nesi, mtanipasua hapa?" Miezi tisa yote aliamini mtoto hutokea kitovuni. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi na beseni, kanga mbili na chupa ya chai ya moto. Alikuwa anampenda sana mwanawe, mtu yeyote angeliona hilo. Ila siku bintiye alipovunja ungo alimwambia sentensi moja tu: "Sasa umekuwa mkubwa, usicheze na wavulana."

Hiyo sentensi imelea vizazi vingi, na mabinti huielewa kama ilivyosemwa. Wanaacha kucheza rede na kaka zao. Wengine huambiwa "mwanaume akikugusa utapata mimba". Kesho yake kwenye daladala kijana anamgusa bega, mwezi unapita, hakuna kilichotokea. Binti anajumlisha mwenyewe: mama alinidanganya. Kuanzia hapo atakayemwamini ni mtu mwingine.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kwamba hapa Tanzania, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ule wa 2015-16 ulikuta 27. Tumepunguza, lakini 22 bado ni wengi mno.

Na kwa wanaohofia kwamba kumwambia mtoto ni kumfungua macho: UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilikusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa elimu ya ujinsia wa 2018, na hazikuonyesha kwamba mtoto anayefundishwa huanza ngono mapema. Macho ya watoto wetu yameshafunguliwa na simu.

KABLA HUJAANZA

Andaa vitu hivi. Havina gharama kubwa.

– Maneno. Jizoeze mwenyewe, hata ukiwa jikoni peke yako, kutamka uke, uume, hedhi, manii, ngono, kondomu. Neno likikukwama wewe, mtoto atalihisi na hatauliza tena.
– Kifurushi cha hedhi: pedi au vitambaa safi vya pamba, chupi mbili, sabuni ndogo na mfuko wa kuwekea kilichotumika.
– Kalenda ya ukutani na kalamu.
– Ungo na maharage mekundu na meupe, na punje chache za mahindi. Utaona kazi yake mbele.
– Msaidizi mmoja. Pwani tulikuwa na somo na kungwi, na kazi yao ilikuwa na maana: mtoto alipata mtu mzima, asiye mama yake, wa kumuuliza lolote. Kama familia yako bado inaye, kaa naye kwanza mkubaliane atafundisha nini. Unyago mwingi hufundisha usafi na heshima vizuri sana, kisha humfundisha mtoto wa miaka 12 mambo ya kumfurahisha mume. Hayo mwambie wazi kwamba hutaki. Kama hamna somo, chagua shangazi, mama mdogo au muuguzi unayemwamini, umtambulishe kwa mtoto kwa jina.
– Uamuzi wako mwenyewe: mtoto akija na habari mbaya, utafanya nini dakika tano za kwanza? Amua leo, ukiwa umetulia.

HATUA YA 1. Anza na majina, mtoto akiwa mdogo

Kati ya miaka mitatu na sita, unapomwogesha, taja viungo vyote kwa majina yake: pua, goti, uke, uume, makalio. Usiruke. Majina ya kubuni kama "kidudu" au "chakula cha baba" ni hatari. Mtoto aliyeguswa vibaya akimwambia mwalimu "amenigusa kidudu", mwalimu anaweza asielewe kabisa.

Mwambie kwamba sehemu zinazofunikwa na chupi ni zake, hakuna wa kuzishika isipokuwa anayemsafisha au daktari, tena wewe ukiwepo. Mwambie pia kwamba siri ya mwilini haipo: yeyote akisema "usimwambie mama", hiyo ndiyo ya kuja kuniambia kwanza. Mtaje kila mtu, pamoja na mjomba, mpangaji, mwalimu wa tuisheni na dereva wa gari la shule. Tunapenda kumwonya mtoto dhidi ya mtu asiyemjua, na huku wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaoingia nyumbani na kuamkiwa shikamoo.

HATUA YA 2. Eleza balehe kabla haijafika

Wasichana wengi huvunja ungo kati ya miaka 10 na 15, na matiti huanza kuota miaka miwili hivi kabla ya hapo. Kwa hiyo mazungumzo ya balehe yafanyike akiwa na miaka minane au tisa, darasa la tatu au la nne. Ukisubiri kidato cha kwanza umechelewa.

Usimwite ukamkalisha kama kwenye kikao cha usuluhishi. Zungumza mikono ikiwa kazini, mkichambua mchicha, mkifua, mkitembea kwenda sokoni. Macho yenu yakiwa kwenye kazi, aibu hupungua kwa wote wawili. Sema machache, acha, rudia wiki ijayo. Mazungumzo ishirini ya dakika tano yanakaa kichwani kuliko hotuba moja ya saa mbili.

Mwambie yatakayomtokea kwa mpangilio: matiti kuota, wakati mwingine moja likitangulia, nywele za kwapani na sehemu za siri, jasho lenye harufu, chunusi, ute mweupe kwenye chupi, ambao si ugonjwa kama hauwashi na haunuki, kisha hedhi. Mwonyeshe kifurushi na mahali kinapokaa.

Angalizo: baba usijitoe. "Hayo mambo ya mama yako" ni jibu linalomfundisha binti kwamba mwili wake ni aibu mbele ya mwanaume. Baba aliyewahi kununua pedi dukani na kuzileta mezani bila kuzificha ndani ya gazeti amefundisha somo zima bila kufungua mdomo.

HATUA YA 3. Siku ya hedhi ya kwanza

Siku hiyo usianze na onyo. Mpe maji ya uvuguvugu aoge, mwonyeshe namna ya kuweka pedi, mpikie anachokipenda. Onyo litakuwa na siku yake.

Mfundishe kubadilisha kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani. Mabinti wengi huvificha chini ya godoro kwa aibu, vikakaa na unyevu, wakaishia kuwashwa na kupata maambukizi. Tafuta kamba mahali penye jua, na kama kuna wapita njia vifunike kwa kanga nyepesi.

Aandike tarehe kwenye kalenda kila mwezi. Mpeleke kituo cha afya ikiwa damu inapita siku saba, ikiwa analowanisha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, ikiwa maumivu yanamzuia kwenda shule, au akifika miaka 15 bila kuona hedhi.

Mkiwa kituoni, ulizia pia chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima 2018, na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haihusiani na kuanza ngono. Inafanya kazi vizuri zaidi kabla.

HATUA YA 4. Mweleze mimba inavyopatikana, kwa maharage

Hapa ndipo wazazi wengi hukimbia, na ndipo penye kazi yenyewe. Sema moja kwa moja: "Mwanaume na mwanamke wakifanya ngono, uume huingia ukeni na kutoa manii. Ndani ya manii kuna mbegu. Mbegu ikikutana na yai la mwanamke, mimba hutunga, na mtoto hukua kwenye mfuko wa uzazi mpaka atakapotoka kwa njia ya uke." Sentensi tatu hizo zingemtosha yule binti wa wodini.

Sasa leta ungo. Panga punje 28 za maharage kwa mstari. Tano za mwanzo ziwe nyekundu, hizo ni siku za damu, zilizobaki nyeupe. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo hesabu punje 14 kutoka mwisho kurudi nyuma, na punje inayofuata ndiyo siku ya 14. Weka punje ya mahindi pale. Yai haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku tano. Rudi nyuma punje tano, ufike siku ya 9. Kuanzia 9 mpaka 14, na siku moja mbele yake, ngono inaweza kuleta mimba.

Binti atasema, "Kumbe siku nyingine zote ni salama." Usimkatalie kwa mdomo. Panga mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, punje 23. Hesabu 14 kutoka mwisho, inayofuata ndiyo ya yai: siku ya 9. Rudi nyuma tano: siku ya 4, ndani ya zile nyekundu. Panga wa tatu, punje 38. Yai liko siku ya 24. Siku ya 20, ambayo mstari wa kwanza ilikuwa "salama", hapa imo hatarini. Kisha mwambie kwamba mwili wa msichana katika miaka ya mwanzo ya hedhi hurukaruka hivyohivyo: mwezi huu 23, ujao 38, na hakuna anayejua yuko mstari gani mpaka hedhi iwe imeshafika.

Nimefanya zoezi hili na mabinti wengi, na huwa wananyamaza kwenye mstari wa tatu. Mmoja alichukua ile punje ya mahindi akaisogeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, akasema, "Sasa mbona rafiki yangu anahesabu kwa vidole?"

Ongeza jambo moja: yai hutoka kabla ya hedhi. Ina maana msichana anaweza kushika mimba kabla hajaona damu hata siku moja.

HATUA YA 5. Futa uongo wa mtaani, mmoja mmoja

Muulize kwanza, "Rafiki zako wanasemaje?" Mwache amalize ndipo ujibu. Haya ndiyo nayasikia zaidi:

"Mara ya kwanza haishiki." Inashika.
"Mkifanya mmesimama haiingii." Mbegu zinaogelea, hazisubiri mtu alale.
"Ukiruka, ukikojoa au ukinawa kwa soda au ndimu inatoka." Mbegu zinakuwa zimeshapanda juu, na ndimu itakuunguza tu.
"Kunywa maji ya majivu au chai kali ya rangi." Hayazuii chochote.
"Akimwaga nje hakuna shida." Wengi huchelewa kuchomoa, na manii yakimwagika mlangoni mwa uke mbegu zinaweza kuingia.
"Kondomu mbili ni bora kuliko moja." Zinasuguana, zinapasuka. Moja tu.

HATUA YA 6. Mfundishe kukataa, na mwondolee sababu za kukubali

Kukataa kunahitaji mazoezi kama kuimba kwaya. Wewe jifanye wa bodaboda: "Mrembo, panda nikufikishe, sitaki hela." Yeye ajibu kwa sauti. Mwanzoni atacheka na kuangalia chini. Rudieni mpaka ajibu bila kucheka: "Asante, sipandi," huku anatembea. Asijieleze. Ukijieleza, mwenzako anapata pa kubishia. Mfanyie na la mpenzi: "Kama unanipenda ungekubali." Jibu: "Kama unanipenda ungesubiri." Na la simu: asitume picha ya mwili wake kwa yeyote, hata kwa anayempenda, maana ikishatoka hairudi.

Fataki, yaani mtu mzima anayerubuni wanafunzi, haanzi na ngono. Anaanza na chipsi, vocha, nauli, mkoba wa shule. Mweleze bintiyo kwamba zawadi ya mtu mzima asiye ndugu lazima ufahamishwe siku hiyohiyo, na wewe hutagomba.

Lakini hapa nataka nikuambie wewe mzazi. Maneno peke yake hayatoshi kwa mtoto mwenye njaa. Binti anayetembea saa moja na nusu kwenda shule ya kata, aliyeachwa na makondakta watatu asubuhi kwa kuwa analipa nauli ya mwanafunzi, akapewa lifti kila siku na kijana mmoja mwema, huyo hajakosa maadili. Amekosa usafiri. Kama uwezo upo, ipe nauli na pedi zake nafasi ya mbele kwenye bajeti ya nyumba. Kama haupo, panga wasichana wa mtaa watembee kwa kundi, waondoke na kurudi pamoja.

Na tafadhali usimpangishie geto mtoto wa miaka 14 karibu na shule ukadhani umemsaidia. Chumba cha kukodi bila mtu mzima, unga kidogo na jirani wa kiume mwenye mshahara: nimewapokea wodini wengi waliotokea huko. Tafuta hosteli, ndugu, au mama wa kanisani au msikitini wa kumpokea. Wazazi watano mnaweza kukodi nyumba moja mkamweka bibi mmoja akae nao.

HATUA YA 7. Mweleze njia za kujikinga

Mimi natamani kila binti asubiri, na ninawaambia hivyo: kusubiri ndiyo kinga ya uhakika kuliko zote. Kisha nawaeleza na nyingine, kwa sababu sitakuwepo siku atakapohitaji kujua. Kuanzia miaka 13 au 14 kijana anapaswa kuzijua, wa kike na wa kiume.

Kondomu peke yake ndiyo inayozuia mimba na pia virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Aangalie tarehe ya mwisho, afungue kwa vidole na si kwa meno, abane ncha kutoa hewa, aivae kabla ya kugusana, na kila tendo kondomu mpya. Isikae kwenye pochi ya mfukoni, joto huiharibu.

Vidonge humezwa kila siku saa ileile. Sindano ni kila miezi mitatu. Vijiti huwekwa mkononi chini ya ngozi na kukinga miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Kitanzi huwekwa kwenye mfuko wa uzazi na hudumu miaka mingi. Hakuna katika hizi kinachoua kizazi. Baada ya sindano, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, kisha hurudi. Hedhi inaweza kubadilika au kukata. Aambiwe mapema asije akashtuka. Vituo vya serikali hutoa huduma hizi bila malipo. Tafuta alama ya Nyota ya Kijani, uulizie huduma rafiki kwa vijana. Kama mhudumu mmoja atamfokea, omba mwingine au nenda kituo kingine. Binti aliyefokewa mara moja huwa harudi.

Vidonge vya dharura, ambavyo mtaani huitwa P2, hutumika baada ya ngono isiyo na kinga au kondomu ikipasuka. Vimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Haviondoi mimba iliyokwisha kutunga, havikingi magonjwa, na si vya kumeza kila wiki. Anayevihitaji mara kwa mara anahitaji njia nyingine.

HATUA YA 8. Kaa na mtoto wa kiume pia

Mimba haiingii yenyewe, na bado watoto wetu wa kiume tunawaacha wafundishwe na video za simu. Mweleze sauti kukatika, ndoto nyevu, uume kusimama bila sababu: ni kawaida, si ugonjwa wala si dhambi aliyoitenda. Mweleze kwamba kuanzia hapo anaweza kumpa mtu mimba. Mpitishe kwenye maharage yaleyale. Kisha mfundishe kwamba msichana akisema hapana, akinyamaza, akilia au akiwa amelewa, jibu ni hapana. Na asikusikie wewe baba ukimsifu kijana wa jirani kwa "kuwamaliza" mabinti wa mtaa.

MAMBO YAKIKWAMA

Hataki kuzungumza kabisa. Usimlazimishe. Mwekee daftari moja la ninyi wawili. Yeye aandike swali, aliache chini ya mto wako, nawe ujibu humohumo. Nimeona daftari kama hilo likijaa ndani ya miezi mitatu. Au mpeleke kwa yule msaidizi wako, na usimpeleleze walichozungumza.

Amekuuliza jambo usilolijua. Sema, "Sijui, nitauliza, Jumamosi nitakujibu." Jumamosi ijibu.

Mume, mama mkwe au kiongozi wa dini anapinga. Anza na yanayokubalika na wote: hedhi, usafi, kujilinda na wabakaji. Kwenye Uislamu mtoto aliyebalehe lazima ajue hedhi na janaba, yaani hali inayomtaka aoge kujitakasa baada ya ngono au kutokwa na manii, ili asali, kwa hiyo mlango uko wazi tayari. Makanisani mafundisho ya vijana yapo. Omba muuguzi aalikwe siku moja.

Umegundua ameshaanza ngono. Usimpige na usimpeleke "kupimwa bikira". Kipimo hicho hakithibitishi chochote na kinamdhalilisha. Muulize mambo matatu kwa utulivu: ni nani, ana umri gani, alikulazimisha? Kama ni mtu mzima, hili ni jambo la sheria, na maelezo yako chini. Kama ni kijana mwenzake, nendeni kituoni kwa kipimo cha VVU, magonjwa ya zinaa na ushauri wa kinga.

Amebakwa. Saa zinahesabika. Asioge, asifue nguo. Ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi. Nendeni hospitali mara moja, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU na vidonge vya dharura. Ukisikia kuna kituo cha Mkono kwa Mkono karibu, nendeni hapo, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja. Polisi waulizie Dawati la Jinsia na Watoto na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kupelekwa kuchunguzwa hospitali. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Na mwambie mtoto, hata kama huna nguvu ya kusema lingine lolote: "Si kosa lako."

Familia ya mwanaume inataka kuyamaliza kienyeji. Wanakuja na mbuzi, bahasha, au posa. Usikubali. Mtu mzima anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 anashtakiwa kwa ubakaji hata kama msichana alikubali, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Bahasha ile huisha wiki mbili. Yule mwanaume anabaki mtaani, na mwakani kuna binti mwingine.

Hedhi imepitiliza. Pima mkojo; kipimo kipo duka la dawa na kituo cha afya. Kikisema hapana, rudia baada ya wiki. Usikae miezi ukiomba isiwe kweli.

Ana mimba. Dakika tano zile ulizoziamua mwanzoni ndizo hizi. Msichana aliyefukuzwa usiku wa kwanza ndiye tunayempokea amekunywa madawa ya miti au amechokonolewa kwa kijiti. Akitoka damu nyingi, akiwa na homa au tumbo linamuuma sana, mkimbize hospitali hata kama hamjui alichofanya. Huduma baada ya mimba kuharibika ipo na inaokoa maisha. Kama mimba inaendelea, aanze kliniki kabla ya wiki 12, ale vizuri, ameze madini ya chuma, alale kwenye chandarua, na ajifungulie kituo chenye uwezo wa kufanya upasuaji. Mwili mdogo uko kwenye hatari zaidi ya kifafa cha mimba, na nyonga ambayo haijakomaa inaweza kuleta uchungu wa siku mbili na fistula, yaani tundu ukeni linalovujisha mkojo au kinyesi. Maumivu makali ya kichwa, uso kuvimba au kuona maluweluwe ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, si kesho asubuhi.

Shule. Novemba 2021 serikali iliondoa kikwazo cha kurudi shuleni kwa wasichana waliojifungua, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Utaje waraka huo kwa namba unapokwenda kwa mwalimu mkuu; akikwambia haujamfikia, nenda kwa Afisa Elimu wa Kata. Fanya hivyo tumbo likiwa bado dogo, ili nafasi yake ijulikane. Na muamue mapema nani atabaki na mtoto saa za masomo, na maziwa aliyoyakamua mama yake asubuhi yatawekwa wapi.